Baba Alivyomsimulia Mdogo Wangu

Chuo anachosoma mdogo wangu zamani kilikuwa kambi ya ndege za jeshi, ng'ambo ya kijiji cha Itaka. Baba yetu alikuwa fundi wa ndege pale miaka yote ya utoto wangu. Kila nilipomuuliza anafanya nini huko, jibu lilikuwa moja: "Kazi ya jeshi haisimuliwi." Nikaacha kuuliza. Mdogo wangu alizaliwa baba ameshastaafu.

Mwaka huu walimu wake walimtaka aandike historia ya chuo, akamwomba baba aende kumwonyesha. Mimi niliambiwa nilete chakula tu. Nikafunga duka langu la vitenge Tunduma, nikapika wali na kuku wa kienyeji, nikaenda.

Niliwakuta kwenye njia ya kurukia ndege, ambayo sasa wanafunzi wanaipita kwenda madarasani. Baba alikuwa amenyoosha mikono kama mabawa, anayumba, akionyesha rubani alivyotua siku ya upepo mkali. Mdogo wangu alicheka, simu yake ikirekodi. Kwangu baba hakuwahi kucheza hivyo. Niliwasogelea na hotipoti yangu.

"Shikamoo baba," nilisema. "Kumbe kazi ya jeshi inasimuliwa."

"Marahaba, mama. Enzi zile tulikatazwa. Sasa pana siri gani hapa? Si unaona watu wameanika nguo."

"Mbona mimi hukuniita?"

Baba akaipokea hotipoti. Mdogo wangu akadakia, "Njoo tu dada, ataanza upya."

Tulikula ndani ya banda la ndege lililogeuzwa bwalo. Baba alianza upya kweli, lakini kila alipokwama alimtazama mdogo wangu, naye akamkumbusha: "Ile ya upepo, baba." Nilishindwa kuvumilia. Nikamkatiza baba, nikamuuliza kwa nini siku nyingine alirudi nyumbani akakaa uani na viatu vyake vya kazi, hataki hata salamu.

Akaweka kijiko chini.

"Wewe maswali yako ni magumu tangu zamani. Mwenzako ameniuliza ndege zilikuwa na rangi gani."

"Nijibu basi."

"Si mbele ya simu."

Mdogo wangu aliizima haraka, akasogeza kiti. Baba akamtuma maji. Alipofika mbali, baba akasema polepole, "Rafiki yangu aliungua akafa humu ndani akijaza ndege mafuta. Kila nilipopangiwa zamu yake, nilirudi nyumbani sina la kusema na mtu."

Nilimshika mkono. Hakuutoa.

Mdogo wangu alirudi na chupa tatu. "Mmeongea nini?"

"Mambo yetu," nikamwambia.

Uso ukamshuka. Alimtazama baba, na baba akaendelea kula. Nilimhurumia yule marehemu, lakini Mungu anisamehe, nilifurahi pia. Nikamwekea baba paja la kuku.