Nyayo za Jivu Mgongoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kusoma wala kujifunga vifungo vya gauni, watu wazima walikuwa wakija kwetu alfajiri, wakilala kifudifudi mlangoni ili niwakanyage. Msicheke. Ile ilikuwa kazi, na sidhani kama nimewahi kufanya nyingine kwa moyo kama ule.

Kwetu ni Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na miaka ninayoizungumzia ni ile ya themanini. Mimi nilizaliwa nikitanguliza miguu. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama twamwita Hawe, ndiye aliyenipokea. Alipoona unyayo umetokea badala ya kichwa alipiga kigelegele, hata hajajua kama nitatoka hai. Wazee wetu waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo ana dawa nyayoni. Mtu aliyekamatwa na mgongo, au aliyekakamaa kiuno, au aliyeteguka kwa mzigo, akikanyagwa na mtoto huyo hupona.

"Miguu ya Kadzo haikungoja ruhusa ya kichwa," Hawe alikuwa akiwaambia watu. "Ina akili yake."

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Mgonjwa alitakiwa kuja kabla jua halijatoka, na njiani asimwamkie mtu. Alilala kichwa nje ya kizingiti, miguu ndani. Hawe alinipaka nyayo jivu la mafigani, akanishika mikono yote miwili, nami nikapanda. Nilitembea kutoka kiunoni mpaka mabegani, nikarudi, mara tatu. Halafu mgonjwa aliinuka akaenda zake kimya kimya. Hakuruhusiwa kusema asante. Dawa haishukuriwi, alisema Hawe. Ukiishukuru, inadhani kazi imekwisha na kurudi ilikotoka.

Walikuja akina mama waliovunjwa viuno na madebe ya maji. Walikuja waokota korosho. Alikuja Mzee Karisa, mgema, aliyekwea minazi asubuhi na jioni mpaka mgongo ukamkatalia. Siku hiyo alifika amejikunja, mkono mmoja ardhini, na mimi nilipopanda nilisikia kitu ndani yake kikisogea chini ya kisigino changu, kama kunde mbichi ikisogea ndani ya ganda lake. Nilishtuka nikataka kuruka. Hawe akaniminya mikono. Nilipoteremka, yule mzee alikaa kitako, akajipapasa kiuno, kisha akasimama. Alisimama wima kabisa! Akanitazama kwa macho ambayo mtu mzima hamtazamii mtoto, akageuka, akashika njia bila neno. Nilikuwa na miaka saba, mwepesi kuliko gunia tupu, na nilimnyoosha mwanamume mwenye mvi. Mpaka leo nikikumbuka macho yale nywele zinanisimama.

Basi nilijiona. Salale, nilijiona! Nilikataa kupita kwenye matope. Nilikataa ndara. Mtoto mwenzangu akinichokoza namwambia nitamkanyaga vibaya, mgongo ukae upande. Na usiku kabla sijalala nilikuwa nikijishika nyayo, nikiuliza humo ndani mna nini, na kimeingiaje bila mimi kujua.

Mgongo mmoja tu ndio niliokatazwa, nao ni wa mama yangu.

"Wa mamako hapana," Hawe aliniambia. "Miguu yako imeshamuumiza mara moja, siku ulipokuja. Ukimkanyaga, dawa inarudi ndani yake ilikotoka, na wewe unabaki na miguu ya kuendea kisimani tu."

Halikunisumbua neno hilo, kwa sababu Mama hakuwa na mgongo. Nisemeje? Alikuwa nao, lakini hakuwahi kuutaja. Alichota maji, alitwanga, alilima, alikata kuni, na jioni alikaa akanyoosha miguu, akacheka na sisi. Mimi nilidhani kuna watu wanaoumwa na kuna Mama.

Halafu masika yakaja. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, na asubuhi kila nyumba ilitoka na mbegu zake. Mama alifika shambani, akainama kuokota jembe, na hakuweza kuinuka. Alibaki pale amejikunja, jasho linamtoka, mpaka Hawe na jirani wakambeba kumrudisha ndani. Alilazwa kifudifudi mkekani, maana ndivyo pekee alivyoweza kulala. Zahanati walimpa vidonge vyeupe. Hawe alimsugua mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kitu.

Na huko nje ardhi ilikuwa inakauka. Hata mimi, na utoto wangu, nililijua hilo. Majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Mbegu zetu za mahindi zilikuwa bado zimening'inia juu ya moshi wa jiko, na Hawe hakuwa tena na mikono ya kushika jembe. Wiki ile ikipita bila kupanda, mwaka mzima tungekula kwa kuomba. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja kule Malindi, na tulikuwa tumezoea kumwona kila mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ilikuwa imepita bila kumwona wala kupata salamu zake. Watu walikuwa wakisema mambo. Mimi niliyasikia kisimani, kwa hiyo Mama naye alikuwa ameyasikia.

Siku ya tatu jioni nilimsikia Hawe uani akimwambia jirani, "Huyu hana ugonjwa. Ana mawazo, na yote yamemkaa kiunoni."

Jirani akasema, "Na mtoto yupo."

"Mtoto hapana," Hawe akajibu, na sauti yake ilikuwa kali.

Asubuhi ya nne, Hawe alipokwenda kisimani, nilichota jivu mafigani, nikajipaka nyayo zote mbili. Nilipaka nene kuliko alivyonipaka yeye, nikidhani jivu jingi lingezidisha nguvu. Nikaingia ndani. Mama aligeuza shingo.

"Kadzo, wafanya nini?"

"Nataka kukukanyaga."

Akasema, "Hawe amekukataza."

"Najua."

"Utaipoteza miguu yako, mama."

"Nitabaki na ya kuendea kisimani."

Mama akacheka, na kicheko kikamuuma, akauma midomo. Kisha akaivuta kanga chini, mgongo ukabaki wazi.

"Haya," akasema. "Panda, mwanangu."

Hakukuwa na Hawe wa kunishika mikono. Nilishika fito za ukuta, pale udongo ulipobanduka, nikaweka mguu wa kushoto kiunoni mwake. Jamani! Migongo ya watu nilikuwa nimeizoea, lakini ule ulikuwa mgumu kama kizingiti, na chini ya ugumu huo kulikuwa na mtetemo, mdogo mdogo, usiokatika. Nikaweka mguu wa pili. Na Mama akasema, si kwangu, bali kwenye mkeka:

"Babako."

Nikasonga hatua.

"Mahindi."

Hatua nyingine.

"Maji. Kila siku maji."

Nilipofika katikati ya mabega alitaja jina nisilolijua, jina la mtoto. Ndipo nilipofahamu, nikiwa nimesimama juu yake, kwamba kulikuwa na mwingine kabla yangu, ambaye hakukaa. Na Mama akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia. Kilio kilianzia chini sana, nikakisikia kwanza kwa miguu, halafu kwa masikio. Niliogopa, nikataka kushuka.

"Usishuke," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Mzunguko wa pili alilia tu. Wa tatu alinyamaza, na mgongo wake ulikuwa wa moto, na ule mtetemo haukuwapo tena. Niliteremka, nikasimama kando ya mkeka nikimtazama. Mama aliweka viganja chini. Akapiga magoti. Akashika fito zilezile nilizozishika mimi, akajivuta, akasimama. Alijifunga kanga kifuani, akaangua mbegu juu ya jiko, akachukua jembe, akatoka.

Hawe alimkuta shambani. Mama alikuwa ameinama akifukia mbegu, na mgongoni mwake, palipokuwa wazi juu ya pindo la kanga, kulikuwa na nyayo zangu za jivu, zikipanda na kushuka. Hawe aliutua mtungi. Alizitazama zile nyayo, akanitazama mimi, nami nikakaza shavu nikingoja kofi. Badala yake alipiga magoti kwenye mchanga, akashika pembe ya kanga yake, akaanza kunipangusa miguu, kidole kimoja kimoja.

"Basi," akasema. "Imekwisha."

Tangu siku hiyo aliwarudisha watu wote njiani. Hata Mzee Karisa alipokuja mara nyingine aliambiwa miguu ya Kadzo imemaliza kazi yake. Baba alirudi mahindi yakiwa yamefika magotini, na sababu zake alikuja nazo, lakini hizo si za hapa. Mimi nikavaa ndara kama watoto wengine. Niliumia, nisikudanganyeni. Kuwa mtu wa ajabu halafu ukawa mtu hivi hivi ni msiba. Lakini nilikuwa na jambo langu moja moyoni: nilikuwa na nguvu, nikaitoa yote kwa mama yangu, naye akainuka. Jambo hilo nimelibeba maisha yangu yote. Nilipokuwa nashindwa, nilipoachwa, nilipofukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, nilijiambia, "Kadzo, wewe ulimwinua mamako."

Mwaka jana mgongo ulinikamata mimi. Nashona sare za shule mjini Malindi, na mtu hawezi kuinamia cherehani miaka ishirini bila kulipia kwa kiuno. Kulikuwa na mengine pia, ya watoto na ya nyumba, ambayo kila msomaji ana yake. Nilikwenda Ganda kupumzika. Mama sasa ni mzee, amepungua, nywele zake zote ni nyeupe. Nililala kifudifudi mkekani, yeye akakaa kando akichambua kunde.

"Mama," nikasema kwa mzaha, "ningekuwa bado na ile miguu yangu ningejikanyaga mwenyewe."

"Miguu gani?"

"Si ile iliyokuponya."

Vidole vyake vikasimama ndani ya ungo.

"Sikupona, Kadzo."

"Ala! Uliinuka. Nilikuona kwa macho yangu."

"Niliinuka, ndiyo. Mgongo uliniuma mpaka mahindi yakabeba. Siku ile nilikuwa napanda mstari mmoja, nalala palepale mchangani ukiwa hunioni, halafu napanda mwingine. Hawe alijua. Ndiye aliyenikanda kila ulipolala."

Nilinyanyua kichwa, nikashindwa kukinyanyua vizuri. "Sasa uliinukia nini?"

"Ungekuwa wewe ungelala?" Mama akaniuliza. "Ulisimama pale, miguu myeupe, umetupa kila ulichokuwa nacho kwa ajili yangu. Ukanitazama. Ningekwambia nini? Kwamba haikufaa?"

Nikakirudisha kichwa mkekani.

"Kilio kilinisaidia," akaendelea, akirudi kwenye kunde zake. "Hilo sikufichi. Nilikuwa na mambo ya miaka humo. Lakini mgongo, la."

"Na Hawe mbona aliwafukuza watu?"

"Alisema mtoto ameshabeba migongo ya kutosha."

"Kwa hiyo dawa haikutoka? Ilibaki miguuni mwangu?"

Mama akacheka. "Nani alijaribu tena?"

Nililala pale na kukitazama kizingiti, kilekile. Utotoni nilikuwa nikistaajabu nyayo zangu, na macho ya Mzee Karisa alipojinyoosha bado siwezi kuyaeleza wala sitaki kuyaeleza. Lakini ajabu kubwa zaidi ilipita mbele yangu asubuhi ile na jembe mkononi, nami nikaipa jina langu. Mwanamke aliyevunjika kiuno alisimama akalima ili mtoto wake asijue kwamba nyayo zake zimeshindwa. Ni nguvu gani hiyo, na yeye aliitoa wapi? Nilijisikia mdogo, nikajisikia nimependwa kuliko nilivyowahi kufikiri, na machozi yakanitoka kwenye mkeka.

Mama akauweka ungo chini. Alishika ukuta, akainuka polepole, akaenda jikoni. Aliporudi, mguu wake wa kushoto ulikuwa umepakwa jivu.

"Mama, wewe hukutanguliza miguu."

"Nyamaza, ulale vizuri."

Hangeweza kupanda. Alishika mwimo wa mlango, akaniwekea unyayo mmoja kiunoni, kisigino chenye nyufa, akakandamiza kwa uzito wake mdogo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Nami nikaanza kuyataja mambo yangu, moja moja, kwenye mkeka.

Alipoondoa mguu nilifungua kinywa.

"Usinishukuru," akasema haraka.

Sikumshukuru. Kesho yake alfajiri mgongo ulikuwa unauma vilevile. Nilipofungua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na mimi nikainuka.