Barua Isiyosalimia

Judith ni binti yangu wa mwisho. Nilimzaa Butiama, nikamsomesha kwa mihogo. Sasa anakaa Kitaji, Musoma mjini, na chumbani kwake kuna kompyuta ambayo haizimwagi. Anaiita seva. Barua pepe za vikundi vya akina mama, wakausha dagaa wa Murangi na wakulima wa pamba wa Bunda, zote zinapitia hapo. Mimi niliishia darasa la pili, lakini haya naandika kwa mkono wangu, na mtu asinisahihishe.

Mwaka huu barua za matapeli zilimiminika kama kumbikumbi. Umeshinda, bonyeza hapa. Yunis wa Bunda akabonyeza, anuani yake ikaanza kutapikia watu uchafu. Judith akawa hata chakula hali, anachuja tu.

Nikamwambia, "We mtoto, mbona rahisi? Kwetu anayeingia mji wa watu bila kusalimia ni mwizi. Weka hivyo."

"Mama, mashine haijui adabu."

"Basi ifundishe. Au na wewe nilikufundisha bure?"

Akacheka, akaweka. Barua ya mgeni isiyo na salamu ikawa inatupwa jalalani humo humo kwenye kompyuta, na baada ya siku saba inafutika yenyewe. Matapeli wakakatika. Nikajisifu sokoni, nikajisifu kanisani.

Wakati huo tulikuwa tunangoja barua moja. Rhobi, mtoto wa Judith, ana miaka sita na tundu kwenye moyo. Madaktari wageni wanaopasua moyo walisema wataandika siku ya kumpeleka Mwanza. Wiki ikapita. Judith anafungua, hamna. Rhobi akaacha kutembea, midomo ikawa rangi ya zambarau, tukawa tunambeba hata chooni.

Mwisho Judith akapiga simu ofisini kwao. Nikamwona anakaa sakafuni.

"Waliandika, Mama. Siku sita zimepita. Hatukujibu, nafasi wamempa mwingine."

Akafungua jalala. Ilikuwemo, mstari mmoja: Rhobi aletwe tarehe nane, thibitisheni mapema. Hamna shikamoo, hamna habari za huko.

Sikujitetea. Nilisema, "Kwanza toa ile sheria yangu. Halafu mwandikie daktari."

Akaanza, "Mheshimiwa daktari, shikamoo, poleni na kazi..."

"Acha salamu! Andika mtoto anatufia. Andika kosa ni la bibi yake."

Tukaikodolea macho ile kompyuta mpaka uji wa Rhobi ukapoa. Jibu likaja: Mleteni msubiri. Siahidi.

Nalo halikusalimia.

Leo siku ya nne tuko kwenye benchi la hospitali Mwanza, Rhobi amelala mapajani kwangu, nahesabu pumzi zake. Daktari ni kijana, sawa na mjukuu wangu wa kwanza. Anapita mbio, hamwangalii mtu. Kila akipita nasimama, mimi mzee wa miaka sabini na mitatu, namwambia shikamoo.