Siku Niliyokunywa Maziwa ya Watu Uwanja wa Ndege

Hii aibu nimeificha karibu mwaka mzima, lakini kwa vile mke wangu, Mama Chebet, ameisimulia kanisani hapa Kaplong mpaka kwaya ikashindwa kuimba, afadhali niiseme mwenyewe kabla haijatiwa chumvi (chumvi yangu pekee inatosha).

Mimi ni mkulima wa majani chai, na pia, msinicheke, ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na sita, shule ya usiku, nikitumia vitabu vya zamani vya binti yangu Chebet. Siku nilipoleta cheti nyumbani, Chebet alinipokea langoni na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye mkaa tunayomnywesha mtu aliyerudi na ushindi, nikanywa mbele ya majirani kama mtu aliyevunja rekodi ya dunia. Kwa hivyo yeye alipokaribia kuhitimu uuguzi kule Ulaya, nilimwahidi kwa simu: "Ijumaa ukitoka kwa hiyo sherehe na joho lako, utanikuta mlangoni, kibuyu mkononi."

Alhamisi asubuhi, Nairobi, msichana wa tiketi alichukua begi langu jeusi la kamba ya katani, lenye kibuyu ndani, akaniambia vizuri kabisa, "Mzee, hili utalipata mwisho wa safari. Pale katikati wewe badilisha ndege tu."

Nikaitikia, lakini moyoni nikakataa. Yaani, nimepeleka majani kituoni miaka thelathini, na najua gunia ukiligeuzia mgongo kabla ya mizani, linapimwa kwa jina la jirani. Sembuse begi linalovuka bahari! Nikaamua hapo hapo: tukishuka, nalifuata mwenyewe. Uamuzi mdogo tu.

Huo uwanja wa katikati, jina lake nalihifadhi, ni mkubwa kama kutoka hapa mpaka Sotik, lakini umeezekwa. Kuna ngazi zinazotembea na watu waliosimama, kuna mishale juu, chini na ukutani, mmoja unasema wanaobadilisha ndege waende kushoto, mwingine unasema wanaowasili na mizigo waende kulia, na mimi nina mzigo, nimewasili, na nabadilisha ndege, sasa niende wapi? Nikafuata sauti za Kikipsigis, lugha ya kwetu. Ndiyo, kulikuwa na wanariadha wawili wa kutoka Soin, tulikuwa nao ndani ya ndege, wanaenda kukimbia mbio za mji huo.

"Mzee, si wewe unaendelea na safari?" mmoja wao, Kiprono, akaniuliza.

"Nachukua begi kwanza."

"Begi huenda lenyewe."

"Kijana, mimi nimesoma."

Akanipisha kwa heshima. Nchi hiyo Mkenya haombi viza, na hilo ndilo lililoniponza, maana nikagongewa muhuri nikapita kama waziri.

Kwenye ule mkanda wa mizigo nilisimama nikaona begi moja la waridi likipita mbele yangu mara sabini. Wale vijana wakaenda msalani. Ndipo likatokea begi jeusi lililofungwa kamba ya katani, nikalikamata, nikapapasa, kibuyu kimo! Nikatembea nalo mpaka kwa watu wa forodha nikipiga mluzi.

Afisa, mama mmoja mnene asiyecheka, akafungua, akatoa kibuyu, akanusa, akarudi nyuma. "Ni nini hii?"

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha cheti, "Ni maziwa, mheshimiwa. Ndani yake kuna mkaa."

"Mkaa? Kwa maziwa?" Akaita wenzake watatu. "Kama ni ya kunywa, kunywa."

Foleni yote ikanyoosha shingo. Nikainua kibuyu, nikapiga mafunda matatu ya kishujaa, na koo likajua kabla ya kichwa. Mursik ya Mama Chebet ni laini, inapita kama hariri. Hii ilikuwa kali, ya moshi, mkaa wa mti mwingine kabisa.

"Haya si maziwa ya kwangu!" nikapiga kelele.

Hapo nilijimaliza. "Si yako?" afisa akauliza taratibu. "Na begi ni la nani?"

"Mzee!" Kiprono alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kichwani. "Hayo ni ya mama yangu! Tulikuwa tunangoja tushinde ndiyo tunywe!"

Kueleza kulichukua saa nzima. Walipotuachilia, wale vijana, badala ya kunichapa, walinishika huku na huku tukakimbia kurudi kwenye lango la wanaosafiri, Kiprono akibeba viatu vyangu na kuniambia, "Mzee, nyanyua goti!" Tulifika ndege ikiwa imeondoka. Naamini mimi ndiye Mkipsigis wa kwanza kushindwa mbio akiwa amebebwa.

Nikampigia Chebet. "Baba, uko wapi?"

"Mama," nikasema, "hata mimi sijui."

"Baba, sherehe ni kesho," akasema tu. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko foleni yote.

Wakanipa ndege ya kesho yake. Nilitua Ulaya Ijumaa jioni, sherehe imeisha zamani, na pale kando ya mkanda begi langu limesimama peke yake, kamba yake ya katani haijaguswa. Mfanyakazi akaniambia lilifika jana, na ile ndege niliyoikosa.

Nikatoka nimekumbatia kibuyu. Chebet alikuwa mlangoni, na joho lake bado, kofia yake bado. Alikataa kulivua mpaka nifike.

"Baba," akasema, macho yamejaa maji lakini anacheka, "hicho kibuyu hakijaingia darasani hata siku moja, na kimebadilisha ndege peke yake."

Akaniapisha pale pale mbele ya watu: kuanzia leo, nikiambiwa begi linajua njia, naliamini begi. Nikaapa. Nikamwinulia kibuyu, akakisukuma kwangu.

"Kunywa wewe kwanza. Aliyetoka mbali ni wewe."

Nikanywa. Safari hii koo halikuuliza swali.