Kigoda cha Bi Mwajuma

Jamani, mwenzenu leo nimekalia kigoda cha marehemu.

Si mnajua Wadachi wamepigilia vigingi vya reli mpaka kwenye njia yetu ya mtoni? Wakiziba pale, maji tutachota wapi?

Basi tukasema tukifufue kile chama chetu cha mtaa, kilichokufa siku aliyokufa Bi Mwajuma.

Tumekutana asubuhi. Kigoda chake tukakiweka katikati kama zamani, maana kwetu kikao hakifunguliwi mpaka mwenye kigoda anywe maji ya mto kwanza.

Hakuna aliyekigusa. Tukawa tunakitazama tu. Hata mimi, na mdomo wangu huu, nimejibanza nyuma ya wenzangu.

Nimemkumbuka jamani. Angekuwepo angeshatutukana sote na kazi ingekuwa imeanza.

Mara akida wa Wadachi huyo. "Nani mkubwa wenu hapa?"

Nyie, sote tukanyoosha vidole kwenye kigoda kitupu.

Nikajua atatucheka. Wapi. Akavua kofia. "Na mimi alinichapa utotoni kwa kuchafua maji," akasema. "Lakini marehemu siwezi kumpeleka bomani kwa Bwana Mkubwa. Nipeni aliye hai, akaseme habari ya njia."

Shoga yangu Zena akanisukuma. "Kaa wewe. Unasema kutwa, sasa useme la maana."

Nikakaa. Pamebonyea kwa makalio yake, mimi napwaya tu. Nikanywa maji.

Kesho naenda bomani, na kigoda nakibeba.

Nyie mliomjua, niambieni: angeanza na salamu, au angeanza na matusi?