Shangazi Sumie Hapandi Momiji Mlangoni

Shangazi yangu Sumie hauzi mti kabla hajakaa chini. Chini kabisa nasema, juu ya udongo wa mteja, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekwenda ufukweni akaikosa bahari. Anafungua chupa yake ya chai, ananyamaza, anatazama. Wateja wapya hudhani amezidiwa. Mama mmoja alimkimbilia na maji na kitambaa kibichi cha kuweka kwenye paji.

"Mimi mzima, mama," alimwambia huku akikipokea kitambaa. "Nalisubiri jua lako, nijue linaingilia wapi."

Sisi wa Angyo, huku Japani, ni watu wa miti. Ukirusha jiwe kwetu, ama litaangukia kitalu cha mtu, ama litampata mtu aliyeinama kitaluni. Nyumbani kwetu baba anashughulika na misonobari, na shangazi ana momiji. Hawaingiliani, ila kwa kugombania mpira wa maji. Zamani nilidhani momiji ni momiji tu, mti unaogeuka mwekundu wakati wa vuli ukapigwa picha. Kumbe ziko za majani mapana kama kiganja cha mtoto, za majani membamba kama nyuzi, zinazoinamisha matawi mpaka chini kama mtu anayetafuta sarafu, nyekundu tangu kuchipua, na za kijani zinazokaa kimya mwaka mzima halafu Novemba zinalipuka. Na kila moja ina pahala inapopapenda na pahala pa kuiua.

Wateja hawataki kuyasikia hayo. Wanakuja na picha kutoka kwenye kalenda.

"Kalenda haina jua la jioni," shangazi huwaambia. "Kalenda haina upepo. Leta picha ya uani kwako."

Jua la jioni ndilo adui yake mkubwa. Kwetu lina jina lake kabisa, na shangazi hulitaja kwa sauti ile ile anayomtajia mama mkwe wake wa zamani. Maana aliwahi kuolewa, mbali huko kaskazini, kwa mtu mwenye duka la mikeka. Hakukaa. Alirudi kwa babu na begi moja na momiji moja kwenye chungu, na mpaka leo, watu wakimtaja, sauti hushuka kidogo: "Yule *aliyetoka akarudi*." Ndilo neno letu la mwanamke wa namna hiyo. Yeye mwenyewe hashushi sauti. Simu ikilia kitaluni anaitika, "Haloo, aliyetoka akarudi anasema," na baba anajifunika uso kwa kofia.

Nilimwuliza siku moja kama mumewe alikuwa mtu mbaya.

"Mbaya? Hata. Mtu mzuri sana, ila alipandwa pabaya. Mama yake upande wa magharibi, na hakuna hata ukuta wa kumkinga."

Msidhani hakosei. Kuna daktari wa meno alimpandia momiji ya majani ya nyuzi kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili, akasahau kwamba upepo wa kipupwe hupita pale kama umelipa nauli. Mti ule ulibaki kama ufagio uliopigana na paka. Tukipita mtaa huo shangazi huangalia upande wa pili.

Sasa, habari ya Takehiro. Takehiro ni dereva wa malori ya masafa marefu, ana mabega ya jokofu, na alikuwa amenunua kinyumba kikuukuu ng'ambo ya mto. Novemba angemwoa Kaede. Na Kaede, kwetu, ni jina jingine la momiji. Kwa hiyo Takehiro alikuja kitaluni Februari, wakati miti imelala bila majani na ndipo ihamishwapo, akasema anataka ile nyekundu kuliko zote, aipande mbele, mlangoni kabisa, kila apitaye alione jina la mke wake.

"Mlango unatazama wapi?" shangazi akauliza.

"Unatazama barabara."

"Barabara siyo upande wa dunia, baba. Twende."

Ilikuwa Jumapili, nami sikuwa na shule, nikajibana kwenye pikapu katikati yao. Tulipofika tukamkuta Kaede mlangoni, amekunja uso, na nyuma yake kizee kidogo ndani ya koti kubwa, amesimama kama askari wa benki. Huyo ndiye Bibi Tsuyako, aliyemlea Kaede tangu mdogo. Alikuwa amepata habari za mti, akapanda treni kuja kuuzuia.

"Momiji hubadilika rangi," alituambia hata kabla ya salamu kuisha. "Leo kijani, kesho nyekundu, keshokutwa iko chini. Nyumba ya bi harusi haiwekwi mti wa moyo unaobadilika. Mkiupanda hapa, mimi ndani siingii. Si siku ya harusi, si siku nyingine."

"Lakini Bibi," Takehiro akasema kwa upole, "si wewe uliyempa jina la Kaede?"

"Jina nilimpa mtoto. Mti sikumpa."

Kaede akamvuta Takehiro pembeni, ingawa sote tulisikia. "Mimi bila Bibi sifungi ndoa. Umenielewa? Hata vikombe vya pombe ya harusi vikiwa vimeshamiminwa." Takehiro akasema ameelewa, akaugeukia mlango na kuutazama kwa huzuni.

Shangazi alikwisha kaa chini.

Ilikuwa baridi, lakini alikaa, nami nikakaa naye kwa sababu nilitaka kuona anachokiona. Akaninong'oneza, "Hilo sanduku la barua lilikuwa na rangi gani?" Nikatazama. Upande mmoja lilikuwa jekundu. Upande wa pili limepauka kama shati la shule. "Hilo ndilo jua la jioni. Halafu banda la bati la jirani, lile pale, litalipokea joto na kulirusha huku. Agosti hapa utakaanga yai." Akainuka, akajipangusa matako. "Mwanangu Takehiro, momiji nyekundu ukiiweka hapa, majani yatajikunja yawe kama chai kavu kabla ya mwezi wa tisa. Hapa panda kitu kisicho na haya. Panda mkomamanga."

Akazunguka nyumba, sisi nyuma yake kama bata. Upande wa kaskazini, nyuma ya bafu, akabonyeza kwa kidole kuvumwani ya kijani iliyotanda ardhini, maji yakatoka. "Hapa mizizi itaoza. Ukitaka kulazimisha, uinue udongo uwe kichuguu, na hata hivyo kwenye giza hili majani hayatakuwa mekundu. Yatakuwa manjano, tena manjano ya kuchoka." Upande wa mashariki, karibu na dirisha la jiko, akasimama muda mrefu. Jua la asubuhi linafika. Mchana kivuli cha nyumba ya jirani kinaingia. Uzio unakata upepo. Akawa karibu kutabasamu, kisha akaona kitu. "Na hili je?"

Lilikuwa sanduku la nje la kiyoyozi.

"Hilo linapuliza joto kiangazi chote. Litahama hilo, au mti usije."

"Hata likihama," Bibi Tsuyako akasema kutoka nyuma, "mti hauji."

Baridi ilituingiza ndani. Tukakaa kwenye meza yenye moto chini yake, miguu yote imekutana huko, Kaede akatuletea chenza. Takehiro alikuwa amejifunza jambo fulani njiani, kwenye redio ya lori, na akaona huu ndio wakati wake.

"Bibi, unajua jina Kaede limetoka wapi? Limetokana na mkono wa chura! Jani lake linafanana na mkono wa chura. *Kaeru!*"

Laiti angesema kitu kingine chochote. Kwetu neno hilo moja ni chura, ni kubadilika, na pia ni kurudi nyumbani. Na neno la kurudi halitamkwi mbele ya bi harusi, kwa sababu bi harusi anayerudi anarudi kwao, na ndoa imekufa. Kwenye sherehe hata wageni hawasemi "tunarudi". Hutafuta maneno mengine mpaka wajing'ate ulimi. Na huyu amelitoa kwa sauti ya dereva, mezani, mbele ya bibi.

Kaede alijifunika uso. Bibi Tsuyako akaliweka chenza lake chini polepole. Nilitamani kuingia chini ya meza, nikakumbuka kuna moto.

"Umesikia?" bibi akamwambia Kaede. "Mti bado haujafika, na neno limeshafika." Kisha macho yake yakahamia kwa shangazi. Angyo na ng'ambo ya mto si mbali, watu wanajuana. "Na anayeuleta nani? Si yule binti wa kitaluni? *Aliyetoka akarudi*?"

Masikio yangu yaliwaka moto. Shangazi akamalizia kumenya chenza, akaondoa nyuzi zake nyeupe moja moja.

"Ndiye mimi, Bibi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na neno hilo. Nimeshalitumia mimi, limeisha. Kwa Kaede hakikubaki kitu."

Bibi Tsuyako akamtazama. Pembe ya mdomo ikacheza, akaibana, ikacheza tena.

"Limeisha?"

"Mpaka mwisho. Na huyu hapa ni dereva wa malori. Mwanamume anayelala barabarani nusu ya wiki, wewe unataka asirudi?"

Bibi alicheka kwa pua, akakasirika kwamba amecheka, akachukua chenza jingine. "Mlangoni hapana," akasema. "Bi harusi hapiti chini ya mti huo akiingia. Hapo sitoki."

"Wala mimi," shangazi akasema. "Mlangoni utakufa."

Wakatazamana, wote wawili wakashangaa kwamba wako upande mmoja. Takehiro alifungua mdomo kuutetea mlango wake. Kaede akamkanyaga mguu chini ya meza, na kwa bahati mbaya akanikanyaga mimi.

"Upande wa jikoni," shangazi akaendelea, "nina momiji moja. Kiangazi ni ya kijani, haina makuu, na hata jua likiwa la nusu siku, vuli inawaka yote. Jina lake Kikombe Kikubwa cha Pombe."

Bibi Tsuyako, ambaye baadaye nilijua kwamba hanywi kikombe kidogo, akanyanyua kichwa. "Jina hilo umelitunga sasa hivi."

"Tangu enzi za babu zetu, Bibi. Lina watu wake."

"Mimi sijasema ndiyo," bibi akasema. "Nitakuja Novemba niutazame kwa nje. Nikiridhika nitaingia. Nisiporidhika, kuna treni."

Kiyoyozi kikahamishwa. Mti ukapandwa kabla ya kuchipua, shina limefungwa gunia, na kiangazi chote Takehiro alimwuliza shangazi kwa simu kutoka kila kituo cha malori kama maji yanatosha. Majani yalitoka kama viganja, ya kijani kabisa. Kisha mwezi wa tisa ikaja tufani, uzio ukapinda, na majani karibu yote yakaenda.

"Nimenunua ya plastiki," Takehiro akasema kwenye simu, sauti yake imekuwa nyembamba. "Mekundu. Nitayafunga kwa uzi. Kwa mbali hayajulikani."

"Ukifunga plastiki kwenye mti wangu," shangazi akamjibu, "nitaung'oa, na wewe nitakung'oa."

Siku ya harusi, asubuhi ilikuwa ya hekaluni, mchana chakula nyumbani kwa ndugu wa karibu. Shangazi alialikwa, nami nikaalikwa kwa kuwa nilimwandama. Wageni wengi waliingia kupitia mlangoni, ila si Bibi Tsuyako. Alizunguka nyumba na kimono chake cheusi, akikanyaga kwa tahadhari, Kaede nyuma yake ameshika pindo la nguo yake kubwa nyeupe lisiguse udongo, na Takehiro nyuma ya Kaede hapumui. Shangazi alibaki nyuma kabisa. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo, mikono ndani ya mifuko ya koti, anautazama mgongo wa mtu.

Momiji ilikuwa na majani machache sana. Machache, lakini mekundu mno hivi kwamba dirisha la jiko lilikuwa na rangi.

Bibi akainama, akaangalia chini kama kuna yaliyoanguka, akaangalia juu.

"Umenyonyoka," akasema mwishowe.

"Tufani, Bibi," Takehiro akasema.

"Nimeuliza?" Akajigusa nywele zake chache zilizochanwa vizuri. "Ulishika hayo machache, haukuyaachia. Basi." Akavua viatu palepale, akavipanga pua zikitazama nje, akapanda kizingiti cha mlango wa jikoni kwa msaada wa bega la mjukuu wake, na tukamsikia ndani akiuliza nani amekata figili nene namna hii, na kama wali umeiva au tunangoja majira ya kuchipua.