Wening na Nakala Tano

Mimi ndiye mpika chai wa ofisi, hapa Jakarta. Mchana wa Ramadhani sina kazi ila kufuta meza na kusikiliza, ndiyo maana nayajua ya Wening. Miaka mitatu hajaenda kwao Wonosobo kwa Idi, kisa zamu. Macho ya mama yake yanafifia, na daktari kasema mwakani hataona kitu. Safari hii Wening alikuwa na tiketi ya basi la saa nane, la mwisho la moja kwa moja hadi kwao kabla ya sikukuu.

Kampuni yetu huuza tiketi hizohizo kwa simu. Programu inakaa kwenye kontena, visanduku vya ndani ya kompyuta, nakala tano zinazofanana. Juu yake kuna msimamizi, naye si mtu, ni programu. Kazi yake kuhesabu: moja ikifa, anaanzisha nyingine.

Saa saba nakala zikaanza kufa. Bagas, mwenzake Wening, anayemwita Mbak, yaani dada, akawa anaziondoa mbovu kwa mkono.

"Mbak Wening, hii nimeiua mara tisa! Ina roho ya paka?"

"Wewe nawe! Msimamizi kaagizwa tano. Ukiua, analeta nyingine, mbovu vilevile. Ubovu uko kwenye toleo mliloweka asubuhi. Badilisha maagizo, arudishe la jana."

"Fanya wewe, Mbak. Mimi nitaharibu zaidi."

Wening alishavaa begi. Bosi, Pak Hartadi, Pak kwetu ni bwana, akaziba mlango kwa tumbo lake.

"Ukiondoka, nani atabaki?"

"Pak, kila kitu humu kina nakala tano. Mimi niko mmoja. Na mama yangu yuko mmoja."

"Dakika kumi tu, Mbak."

Dakika kumi! Nilitamani kummwagia maji ya deki, Mungu anisamehe na saumu yangu. Wening akakaa, akaandika maagizo. Msimamizi akabadilisha nakala mojamoja, kila moja ikisubiriwa isimame sawasawa. Ya tano ilisimama saa nane na robo. Watu wakapiga makofi.

Wening akafungua simu atafute basi jingine. Viti vyote vimejaa. Nakala zake tano zilikuwa zimeuza mpaka cha mwisho. Akalia, nami nikalia naye.

Mama yake akapiga simu.

"Umeshapanda basi, mwanangu?"

"Bado, Mama. Kuna foleni."

"Haya, usihangaike. Nitakaa mlangoni nikuone ukikata kona. Kwa karibu bado naona."