Chupa Isiyotikiswa

Kwenye maabara ya maji taka walimwita Mama Tikisa, maana hakuna aliyeshika chupa mbele yake bila kuambiwa, "Itikise kwanza! Uchafu ni mvivu, hukaa chini."

Kazi yake ilikuwa kupima ni oksijeni kiasi gani ingeliwa na uchafu uliomo majini. Alichukua maji kidogo, akayatia kwenye kichupa cha dawa ya rangi ya chungwa, akakichemsha. Dawa ikibaki ya chungwa, maji yameshatakata, yaende mtoni. Ikigeuka kijani, uchafu bado upo, yangoje.

Siku hiyo Fundi Koki, mwenye kufungua na kufunga maji, alileta chupa ya bwawa la mwisho.

"Mama, bwawa limejaa hadi shingoni. Nipe jibu."

"Jibu hupikwa, baba, halichumwi mtini."

"Basi ongeza kuni!"

Mama Tikisa alicheka hadi machozi. Katika kucheka huko akazamisha pipeti, akavuta maji ya juu, maangavu, bila kutikisa chupa. Muda wa kuchemka ulipotimia, dawa ilitoka ya chungwa kama ilivyoingia.

"Fungua," akasema, akamshukuru Mungu.

Alipoinamisha chupa ili aioshe, tope jeusi likateleza kutoka chini, zito kama uji uliolala. Yeye! Yeye aliyemkemea mwenzake wa zamu, mama mzima, mbele za watu hadi akalia, kwa kosa hilihili! Tope likaishia kwenye sinki. Hakuna aliyeliona. Angeweza kunyamaza, na moyo ulimshauri hivyo, lakini kule chini mtoni wifi yake alikuwa na bustani ya mboga, na jioni ndiyo saa yake ya kumwagilia.

Akatoka uani, wenzake walikokuwa wakinywa chai.

"Fundi, funga. Sikutikisa."

Yule mwenzake wa zamu akainamisha macho kwenye kikombe. Fundi Koki alikimbia, akafunga, akarudi akihema.

"Mengi yamekwisha kwenda. Maji yakimwagika, mama…" Hakumalizia. Heri angemalizia.

Mama Tikisa hakungoja hata kuvua koti la kazi. Alimkuta wifi yake kando ya mto, ndoo imejaa.

"Wifi, usimwagilie. Maji ya leo ni machafu."

"Nani kayaachia?"

"Mimi."

Wifi alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya koti lile. "Na mimi ninavyojisifu kwa wateja! 'Kuleni tu, maji haya anayapima wifi yangu.'"

"Usiwaambie tena hivyo."

Wifi akamwaga maji njiani, akamkabidhi ndoo tupu. "Kisima ni mbali, na miche ina kiu. Twende."

Mama Tikisa akaipokea. Siku zote walitembea bega kwa bega wakipiga soga. Jioni ile alifuata nyuma, na majirani walipomsalimia aliitikia akiitazama ndoo.